Mawe ya Ghala la Wesha

Mwaka 1962, nilipokuwa nimemaliza chuo cha ualimu Unguja nikingoja kupangiwa shule, nilipata kazi ya kuandika vibandiko katika ghala la mawe pale Wesha. Mtambo wa kutafuta mafuta ulikuwa umetoboa ardhi na kutoa vipande vya mwamba, virefu na vya mviringo kama michi. Vilikaa sandukuni kwa mpango wa kina chake, cha juu kwanza. Nusu vibaki kwetu, nusu viende kwa wataalamu wa vyuo vya mbali.

Mchwa wakala masanduku. Bi Mwanapili, mwenzangu wa kazi pale ghalani, akahamishia mawe yote katika mapya, masanduku arubaini. Nilimwambia aanze na la juu, basi. Kumwelekeza mtu aliyelingana umri na mama yangu niliona haya, nikakimbilia vibandiko vyangu: kushoto "juu", kulia "chini".

Siku moja kabla ya meli ya kuyachukua mawe, Bwana Thabit, msimamizi wetu, alifunua sanduku la kumi na nne, akalilinganisha na daftari la uchimbaji.

"Hili limegeuka. Jiwe lisilojulikana juu wala chini ni kifusi, na kifusi sipeleki. Nani kapanga?"

"Mie," alisema Bi Mwanapili. "Mtoto alinambia vizuri, mie ndiye sikushika."

Alikuwa ananisitiri. Nikasema, "Sikumwambia upande wa kuanzia. Kosa langu."

"Kumbe unasema, Mwalimu? Miezi mitatu nadhani tumeajiri bubu." Akamgeukia mwenzangu. "Ulianzia wapi, Bi Mwanapili?"

"Panapoanzwa. Kulia. Wewe msahafu wako uliuanza kushoto?"

Bwana Thabit alicheka mpaka akavua miwani. "Yote arubaini?"

"Yote. Nibadilishe njiani kwa nini?"

Tukajaribu. Jiwe la mwisho kushoto katika sanduku la tatu lilishikana na la kwanza kulia katika la nne, ufa kwa ufa. Bi Mwanapili aliendelea kuyapapasa kwa vidole, sanduku baada ya sanduku, hadi alasiri. Halikukosea hata moja. Nilibandua vibandiko vyangu tu, nikaandika upya.

Katika barua ya kusafiri na mawe niliandika: "Yasomwe kutoka kulia. Yamepangwa na Bi Mwanapili binti Shaame, wa Wesha." Bwana Thabit akatia sahihi.

Bi Mwanapili hakujua hati za kizungu, nikamsomea. Akataka tena. Nikamsomea kwa sauti, ghala zima lisikie.