Stadi ya Nane

Trekta la mama mkwe wa fundi lilipiga kelele kama mtu anayegombana peke yake. Moshi ulivuja pale manifodi, bomba la kutolea moshi, inapofungwa kwenye injini, ukampiga dereva usoni kutwa nzima. Dereva mwenyewe alikuwa dada wa mke wa fundi, na kila jioni alishuka kichwa kikimuuma. Asubuhi ile alimpigia fundi simu.

"Shem, njoo leo leo. Mbegu ziko stoo na mawingu hayana subira."

Fundi akafika mbiombio. Kazi aliijua: kutoa manifodi na kubadilisha stadi nane, vile vijiti vya chuma vyenye meno pande zote mbili vinavyoishikilia. "Saa sita nawakabidhi ufunguo," alisema.

Mama mkwe akavuta kiti hadi bandani, akaketi kuchambua mbegu. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Fundi hakujua kufanya kazi bila kutukana chuma, na mbele ya mkwe mtu hatukani.

Stadi sita zilitoka kwa moto na mafuta. Ya saba ikalia ka! ikakatikia ndani. Fundi akafumba mdomo, mashavu yakamvimba.

"Sema tu, shem, utapasuka," dereva akamchokoza.

"Haraka haraka haina baraka," fundi akasema huku ameuma meno.

"Maneno mazuri hayo," mama mkwe akaitikia.

Fundi akashika drili, jicho moja kwenye chuma, jingine kwenye mawingu. Mara maji ya kutu yakamrukia kifuani. Kumbe tundu lile lilipenya hadi kwenye njia ya maji ya injini, naye kwa pupa hakuwa amemwaga maji ya rejeta. Akakimbilia karai, akateleza, akainuka. Saa sita ikapita.

Ya nane ilitoka kwa vidole. Meno yake yalikuwa yamezungushiwa waya wa shaba ili ijaze tundu lililolegea.

"Fundi gani mpumbavu..." akaropoka, kisha akaisogeza stadi karibu na macho.

Ncha ya waya ilikuwa imekunjwa kama kindoano. Ni yeye tu aliyekunja hivyo. Miaka tisa nyuma, wakati akiposa, alilitengeneza trekta hili hili ili aonekane kijana wa maana. Meno ya tundu yalikuwa yamekwisha, akayafunika kwa waya, akanawa mikono, akala chakula cha watu.

Akaitia stadi mfukoni. Akalizunguka trekta mara mbili, akashika spana, akaiweka, akaishika tena.

"Mama," alisema hatimaye, "huyo mpumbavu ni mimi."

Mama mkwe hakuinua uso. "Nilijua siku ile ile. Lilianza kuvuja hujafika hata kwenu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, binti angeghairi. Na mkwe mwenye haya si rahisi kumpata. Ufundi mtu hujifunza."

Dereva akacheka hadi akashika tairi. "Kwa hiyo miaka yote hii nimemeza moshi kwa ajili ya ndoa yenu!"

Fundi alitaka kucheka naye. Akayaona macho ya dereva yalivyo mekundu kwa moshi, akashindwa.

"Nisamehe, shemeji."

"Funga kwanza, mvua haingoji msamaha."

Safari hii alitoboa tundu likapanuka, akachonga meno mapya, akatia bushi, kijibomba cha chuma chenye meno ya kushikilia stadi. Ile ya saba akaipaka gundi ya kuzuia maji. Saa kumi dereva akawasha. Hakuna moshi, hakuna makelele. Injini ilinguruma taratibu, na ndani ya utulivu ule wote watatu wakasikia kitu kipya: ko, ko, ko, kutoka chini.

"Nini hicho?" mama mkwe akauliza.

"Beringi ya injini, imelika. Kelele ya moshi ilikuwa inaificha."

"Itafika mwisho wa shamba?" dereva akauliza, tayari mguu uko kwenye klachi.

"Sijui. Nenda polepole."

Fundi akatembea kando ya trekta, mstari baada ya mstari, sikio kwenye boneti. Kila mlio ulipobadilika, alimwinulia dereva mkono apunguze mwendo. Mvua iliwakuta robo ya shamba ikiwa bado. Mama mkwe akawapigia kelele warudi, hakuna aliyesimama. Walimaliza wakiwa wamelowa chapachapa, mistari ya mwisho imepinda kama mwandiko wa mlevi, lakini shamba limelimwa.

Dereva akaingia ndani kukauka. Fundi hakumfuata. Alitandika gunia bandani chini ya trekta, akalala chali, akaanza kumwaga oili ili aifikie ile beringi.