Jino Juu ya Gari Jekundu

Baba yangu ni mkaguzi wa vizima moto, na kazi yake haivui anaporudi nyumbani. Tuna mtungi sebuleni, mwingine jikoni, mwingine koridoni, na mwingine bafuni, mahali ambapo moto ukitaka kuwaka itabidi kwanza uombe ruhusa kwa maji. Mama anaendesha basi la shule. Hukaa juu kule kama jaji, akiyatazama magari madogo kwa jicho la mtu aliyekwisha kuona mengi. Kwa wazazi kama hawa ndiko mimi, binti yao wa pekee, nilikopeleka habari kwamba nataka gari la spoti.

Sikuipeleka kichwa kichwa. Nilisubiri Jumamosi mchana, Baba ameshiba, Mama amevua viatu.

"Mjomba anataka kunipa gari lake," nilisema huku nikikusanya sahani.

"Lipi? Pikapu?" Mama aliuliza.

"Lile jingine."

Baba alijiinua kitini.

"Lile jekundu?" Baba alisema taratibu.

"Jekundu kama vizima moto vyako, Baba."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Lile ni gari la mbio. Lina milango miwili."

"Milango miwili, viti viwili! Hebu fikiria usalama wake. Halibebi kundi la marafiki, halibebi kelele. Shangazi hawezi hata kuomba lifti na magunia yake."

"Dada yangu mwache."

"Nimemtaja tu."

"Mtaje mwingine."

Gari lenyewe Mjomba alilikuta chuma chakavu nyuma ya gereji yake, akalifufua mwaka baada ya mwaka mpaka likanguruma kama paka aliyeshiba. Bahati mbaya, lilipopona gari, magoti yake yakaugua. Kuingia anaingia vizuri, ila kutoka lazima avutwe na watu wawili. "Chukua wewe mwenye magoti," aliniambia. "Lakini baba yako akubali, na mama yako akubali. Dada yangu akininunia mimi silali."

Nami sikulitaka kwa kuringa tu, ingawa kuringa kulikuwemo. Nilisomea stashahada ya kutengeneza meno ya bandia. Kutwa nzima niko karakana, plasta vidoleni, nta inayeyuka mbele yangu, nachonga meno ya watu nisiowajua. Nimewatengenezea wengi tabasamu, na sikuwahi kumwona hata mmoja wao akicheka. Sasa Bosi wetu, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikuwa ametangaza kazi mpya: kliniki za pembezoni mwa mji zinataka mtu wa kuyapeleka meno na kuyarekebisha hapohapo, mgonjwa akiwa kwenye kiti. Sharti, mtu huyo awe na gari kabla wiki ijayo haijaisha. Akikosekana, kazi inakwenda kwa mwenzangu wa meza ya dirishani, mwenye gari, na ambaye meno yake humpwaya kila mtu.

"Gari la mbio litakimbia," Baba alisema. "Ndiyo kazi yake."

"Litakimbilia wapi, Baba, na matuta yako?"

Hapo nilimgusa panapowasha. Baba ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu, na majirani humwita Mwenyekiti wa Matuta. Aliyapigania mpaka yakajengwa, na siku ya kujengwa alisimama na fimbo akisema "ongeza, ongeza" mpaka saruji ikaisha.

"Unasema matuta yangu yatalishinda?"

"Nasema njoo uone."

Jumapili asubuhi Mjomba aliniachia gari tulijaribu kwanza, na Baba akajikunja mara kadhaa kama kitanda cha safari, akaingia. Mapajani alipakata kizima moto kidogo.

"Mbona kama nimekaa chini ya barabara?" aliuliza.

"Ndiyo usalama wenyewe. Huwezi kuanguka kutoka chini."

Tukafika tuta la kwanza. Gari lile tumbo lake liko karibu na ardhi kama la mjusi. Ukilivusha tuta kwa pupa, unaacha nusu yake nyuma. Nikasimama kabisa, nikaliweka mshazari, nikapandisha gurudumu moja, nikangoja, nikapandisha la pili. Bibi mmoja mwenye kikapu alitupita kwa miguu, akatusalimia, akaenda zake. Tulimkuta tuta la tatu, ameketi kupumzika.

"Bado mko huku?" aliuliza kwa huruma. "Niwasukume?"

Baba alishindwa kujizuia. Aliteremka, yaani alijitoa kwa kutambaa, akachuchumaa barabarani akitazama pengo kati ya saruji yake na tumbo la gari. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu.

"Rudi nyuma, pita tena. Nataka kuona vizuri."

Nikapita tena. Akapiga makofi.

"Na kule barabara kuu, ambako sina matuta?" aliuliza aliporudi ndani, uso umekaza tena. Swali la haki. Nikampeleka barabara kuu, mwendo anaoutaja yeye, nikamwambia aseme "simama" wakati wowote. Alisema akiwa katikati ya kupiga chafya ili kunivizia. Breki za Mjomba zikakamata palepale, gari likatulia bila kuyumba, Baba akabaki ameukumbatia mtungi wake kama mtoto mchanga.

"Hizi ni breki," alisema hatimaye. "Mimi nimekubali. Lakini mimi ni nusu ya wazazi. Nusu ngumu iko kwenye basi."

Mama hakutaka maneno. Jumatatu, alipokwisha kushusha watoto wote, alinipigia simu nilete gari kwenye yadi ya mabasi, na Baba nije naye. Aliniagiza niliegeshe ubavuni mwa basi, mbele kidogo ya gurudumu. Kisha akateremka.

"Baba yako akae humo ndani. Wewe panda huku, ukae kwenye kiti changu."

Nikapanda ngazi za basi. Kiti chake kilikuwa na joto bado.

"Mtafute baba yako," alisema akiwa nyuma yangu.

Nikatazama kioo cha kushoto. Niliona ukuta wa yadi na ndoo iliyopinduka. Nikatazama kioo cha kulia, nikaona lami. Nikainua shingo, nikainamisha, nikakaribia kutoka kwenye kiti.

"Simwoni."

"Yupo."

"Labda ameondoka."

Honi ikalia kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilishtuka mpaka nikagonga goti kwenye usukani.

Mama aliketi kwenye kiti cha mbele cha abiria, kile cha watoto wadogo, magoti yakimfika kifuani.

"Kuna siku nilikuwa nageuza basi hili," alisema. "Vioo safi, mwendo wa kobe, sina kosa hata moja. Watoto wakapiga kelele kwa pamoja, nikakanyaga breki. Chini hapo palikuwa na kijana na baiskeli yake. Alikuwa karibu sana, mwanangu. Aliondoka mzima, akanipungia hata mkono. Mimi ndiye niliyeshindwa kuondoka." Akafuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye sketi yake. "Breki zako nzuri, nimesikia. Na mwendo wako sina shida nao. Lakini madereva wa magari makubwa ni watu kama mimi. Nani atawapigia kelele ukiwa wewe huko chini?"

Nilikuwa na majibu kichwani, nimeyapanga tangu Ijumaa: mkanda, uzito, upana wa magurudumu. Hakuna hata moja lililohusu kioo. Nilimrudishia Mama kiti chake, nikamwendea Baba, tukarudi nyumbani, tuta kwa tuta.

Kesho yake kazini nilichonga vibaya. Nikaenda stoo kuchukua plasta, nikajikwaa kwenye jino.

Si jino la mtu. Lilikuwa lile jino kubwa la faiba lililoning'inia mlangoni kwa miaka kabla Bosi hajaweka bango la taa. Gego jeupe, refu kama mtoto wa miaka mitatu, na mizizi yake miwili. Nililitazama. Nikatoka stoo bila plasta.

"Bosi, lile jino bado lina kazi?"

"Lina kazi ya kunizuia nisifikie mifagio. Unalitakia nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka miwani ikagonga vifungo vya koti lake. "Chukua! Lakini lioshe kwanza. Karakana yangu haiwezi kutembezwa mjini na jino chafu."

Nyumbani nilimkuta Baba uani, gari nikaliegesha mbele yake. Sikumaliza hata kueleza, alikuwa amekwisha kufungua sanduku la vifaa na kutoa vishikio vile vya chuma anavyofungia mitungi ukutani.

"Hivi vinabeba mtungi uliojaa na havitikisiki. Vitashindwaje na jino lililo tupu ndani?" Akashika drili, kisha akasita. "Itabidi kutoboa paa. Umemwuliza mjomba wako?"

"Nikimwuliza atasema nini?"

"Atasema hapana."

"Basi sijamwuliza."

Baba alinitazama, akalitazama paa, akatoboa. Alitoboa kwa furaha ambayo sikuiona usoni mwake hata siku ya mahafali yangu. Alikaza boliti, akazikaza tena, akabembea kidogo kwenye mizizi kuhakikisha. Mwisho akalizungushia gego utepe unaong'aa gizani, ule wa kwenye makoti ya zimamoto.

Alhamisi mchana tulikuwa yadini. Mama alikaa kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani, injini imezimwa, uso wa jaji uleule. Mimi chini, kwenye kiti changu, niliona boliti za gurudumu la basi tu. Nikasogea taratibu ubavuni, mbele, nyuma, ubavu wa pili. Nikarudi mpaka pale alipokuwa Baba siku ile, nikasimama.

Honi ya basi ikalia. Ndefu, haikatiki, njiwa wote wa yadi wakaruka.

Nilipochomoa kichwa dirishani, Mama alikuwa ameinamia nje ya dirisha lake, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Nakuona!" alipiga kelele. "Jamani, nakuona! Nikitaka nisikuone siwezi!"

"Kulia je?"

"Jino!"

"Nyuma?"

"Jino! Kila kioo jino! Baba watoto, njoo uone huku, tumezaa gego!"

Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo, akawa Mama tena. "Na giza likiingia?"

Baba akamulika tochi. Utepe ukawaka.

"Haya," Mama alisema. "Nenda kazini, mwanangu."

Ijumaa nilikwenda kliniki ya kwanza, meno yamelala kwenye sponji ndani ya buti, kwani buti lile halibebi kingine. Kwenye kiti alikuwapo mzee mmoja, fundi viatu, amekasirika na dunia nzima. Nilimvalisha meno, nikayatoa, nikayasugua kidogo, nikamvalisha tena. Akauma, akanuna, akasema yanambana roho. Kisha akageukia dirishani, akaliona gari langu pale nje. Alitazama muda mrefu.

"Lile ni nini?"

"Ni langu."

Alicheka. Alicheka kwa meno yangu, yote, ya juu na ya chini, na hakuna hata moja lililocheza. Nilijifanya naandika kitu.

Jumapili Mjomba akaja. Alishuka kwenye pikapu akishikilia magoti, akalizunguka gari mara moja, akarudia, kisha akaingia sebuleni.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakuitikia. "Mmelitoboa."

Baba alitoweka nyuma ya gazeti.

"Paa lile nililipiga msasa kwa mikono hii," Mjomba alisema. "Rangi ile niliichanganya mwenyewe. Gari lililokuwa likisimamisha watu barabarani!"

"Bado linawasimamisha," Mama alisema.

"Dada, usicheke! Watu wananipigia simu kuniuliza kama nimeacha ufundi nikafungua kliniki. Na nani aliyetoboa? Shemeji, weka gazeti chini, nakuona."

"Hata sisi binti yetu tunamwona," Baba alisema nyuma ya gazeti. "Ndiyo sababu ya jino."

"Keti, mdogo wangu, upate chai," Mama alimwambia.

"Chai sitaki. Nataka huyu binti aniombe radhi. Sina haja ya hotuba. Neno moja tu, samahani, halafu tutaongea habari ya kuziba hayo matundu."

Wote wakanigeukia. Kwa kawaida mimi ni mwepesi wa samahani. Huviomba radhi hata viti ninavyovigonga. Lakini nilimtazama Mama, ambaye kila siku huligeuza basi lake na kusikia kelele za watoto, na ambaye juzi, kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Mjomba," nilisema, "kwa gari nakushukuru asubuhi na jioni. Kwa breki nakushukuru zaidi, na Baba pia, muulize. Kila Jumapili nitakuja gereji kukuoshea pikapu. Lakini kwa jino siombi radhi. Leo siombi, kesho siombi. Mama ananiona. Siombi."