Kamera Isiyotaka Asubuhi

Haya alinihadithia Mwatum mwenyewe, mwaka juzi, tulipokuwa uani kwake Chumbageni tunachambua mchele wa hitima ya shemeji yake. Alicheka mpaka ungo ukayumba. Lakini siku yalipomkuta, anasema, hata jino halikuonekana.

Kilikuwa kipupwe cha mwaka ule maduka yalipoanza tena kuonesha sabuni na kanga, baada ya ile miaka ya kushinda foleni kwa ajili ya kilo ya sukari. Vitu vilikuwa vinarudi kimoja kimoja, kama wageni wanaoona haya kupiga hodi. Filamu za picha zilikuwa hazijafika. Mbarouk, mume wa Mwatum, alikuwa na studio ya chumba kimoja upande wa barabarani, na mkanda wake wa mwisho ulikuwa umo ndani ya kamera, umebakiwa na picha mbili tu.

Hizo mbili Mwatum alizikalia kama kuku. Mama yake, Bi Chiku, alikuwa amekuja kutoka Pemba kutibiwa macho, na huyo tangu azaliwe hajawahi kukubali kupigwa picha. Mwatum hakuwa na hata kijipande cha sura yake cha kutazama akimkumbuka. Safari hii, sijui ni dawa ya macho, sijui ni mapenzi ya mtoto, bibi akakubali.

"Lakini asubuhi, jua halijapanda," akasema. "Likipanda lantoa machozi, mje mseme nimelia."

Na Alhamisi adhuhuri meli ya Pemba ilikuwa inaondoka.

Jumanne asubuhi akaketi kitini, buibui limenyooka. Sasa, mkwe ni mkwe. Mbarouk hakuthubutu kumkazia macho wala kumwamrisha, na Bi Chiku hakuwa akisema na mkwewe ana kwa ana hata wakiwa chumba kimoja. Kila neno lilipita kwa Mwatum.

"Mwambie mama ainue uso kidogo."

"Mama, inua uso kidogo."

"Mwambie nimesikia, mie si kiziwi. Ni macho yanayoniuma."

"Anasema amesikia."

Mbarouk akabonyeza. Kamera ile ilikuwa ya Kijerumani, ya zamani, mdomo wake unavutwa mbele kama kodiani, na mlio wake mtaa mzima unaujua: kach! Mkavu, kama kijiti kinavunjika. Siku hiyo ikalia kraaaa, ikanyamaza. Mbarouk akachungulia kiooni. Kile kilango cha ndani, kinachotakiwa kufunguka na kufunga kama kope, kilikuwa kimebaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia msikitini. Mwanga umeingia wote, picha imeungua. Ikabaki moja.

"Vumbi hilo," Mbarouk akasema.

Mkanda hakuusogeza. Picha iliyoungua ndiyo iliyokuwa mbele, kwa hiyo aliweza kujaribu apendavyo bila hasara. Akafungua skrubu kwa ncha ya kisu, akapuliza, akapangusa kwa unyoya wa kuku. Adhuhuri akabonyeza. Kach! Kach! Kach!

"Unaona? Si nilikwambia vumbi?"

Jumatano asubuhi Bi Chiku akaketi tena. Mbarouk akajaribu kwanza. Kraaaa.

Bibiana, jirani yao, aliyekuja kuazima kibiriti, akasimama mlangoni akicheka. "Jamani, kamera nayo inamwonea haya mkwe!"

"Bibiana, chukua kibiriti uende zako," Mwatum akamwambia.

"Ni springi," Mbarouk akasema. "Springi imechoka."

Akaikaza springi. Adhuhuri, kach! kach!

"Mume wangu," Mwatum akasema, "springi gani inachoka asubuhi, mchana imepona? Hata manamba wa mkonge hawakupata likizo ya hivyo."

"Basi labda ni... labda ni jicho baya."

"Jicho la nani?"

Aliyeketi mbele ya kamera ni mmoja tu. Mbarouk akaona alipokanyaga, akajishughulisha na kisu chake.

Alhamisi mzigo ulikuwa umeshafungwa. Mwatum akaenda chumbani kuchukua mafuta ya nazi amsuke mama yake, yale mama aliyomletea zawadi kutoka Pemba. Chupa ilikuwa dirishani, mafuta yameganda meupe kama samli, kama yanavyoganda kila kipupwe mpaka uyaanike. Akaishika chupa aiweke juani. Akaitazama. Ilikuwa imepungua, na yeye hajaifungua tangu iletwe.

Akaiweka chini. Akaenda studio, akaichukua kamera, akainusa mdomo.

"Mbarouk!"

"Naam."

"Hii kamera umeitia nini?"

"Mafuta kidogo. Ilikuwa inakwaruza."

"Mafuta gani?"

Mbarouk akatupa jicho kwenye mlango wa ndani, akashusha sauti. "Ya cherehani hayapatikani mji mzima, wewe mwenyewe shahidi. Taratibu basi, mama atasikia."

"Siku tatu namkalisha mama yangu kama mshitakiwa! Vumbi! Springi! Jicho! Kumbe ni nazi!"

"Mimi nilijua yataganda humo ndani?"

"Mpemba gani wewe usiyejua mafuta ya nazi yanaganda kipupwe?"

"Ya chupani nayajua! Ya kamera ningeyajulia wapi?"

Sauti ikatoka ndani. "Mwatum! Mwambie huyo bwana'ako, mafuta nliyaleta ya nywele, lakini yaliyoingia yameshaingia. Nipe hilo dude nilipakate."

Mbarouk alitamani sakafu immeze. Bi Chiku akaizungushia kamera kanga, akaiingiza ndani ya buibui, akaikumbatia tumboni, akawa anaitikisa polepole kama mtoto mwenye homa. Nje mwenye mkokoteni anaita, meli haingojei mtu. Bibi hana habari.

"Mwambie limeshapata joto."

Mwatum akaipokea, akampa mumewe, akarudi kusimama kando, mlangoni. Mbarouk akajaribu: kach! Haraka akasogeza mkanda.

"Mwambie mama atazame hapa."

"Mama, tazama pale kwenye kamera!"

Kach!

Waliporudi kutoka kumsindikiza bandarini, Mbarouk akajifungia kwenye chumba chake cha giza. Alipotoka na picha, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa na macho yake mekundu. Sura imetoka, safi, ila pembeni ukungu kidogo. Mwatum akaitazama, akapiga paja.

"Haitazami kamera! Picha moja, moja tu duniani, nami nimemwambia atazame pale, yeye katazama kando!"

Mbarouk alikuwa ameshajinyoosha mkekani. "Kwani wewe," akauliza huku amefumba macho, "ulikuwa umesimama wapi?" Akaanza kukoroma.

Mwatum akabaki na picha mkononi. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akatazama kiti, akatazama mlango. Kisha akaiegemeza ukutani, akajilaza upande ule macho ya mama yake yalikoelekea, na usingizi ukamchukua.