Mwaka Usiofungwa wa Mulimani

Jumapili ya kwanza ya mwezi ni siku ya wageni kule Mulimani. Keren alifika chini ya kilima asubuhi akiwa na beseni la ugali wa bukari na mboga ya sombe lililofungwa kwa kitenge, samaki wa kukaanga na chupa ya kinywaji cha munkoyo. Alikuwa ametoka mpakani Kasumbalesa jana yake, anakonunua mafuta ya kula kwa jumla, na mgongo ulikuwa bado unamuuma kwa kukaa kwenye lori. Alivua viatu vya kanisani, akavaa kandambili, akaanza kupanda.

Mulimani ni mji mdogo ng'ambo ya mashamba ya Annexe, nje ya Lubumbashi. Una barabara moja, parokia moja, chuo kimoja, kibanda cha fotokopi na baa mbili zinazochukiana. Ukisimama uani kwa padri unaliona dohani refu la Lubumbashi, na watu wa Mulimani hulionyesha kwa wageni kana kwamba wamelijenga wao. Mji mzima unaishi kwa wanafunzi kama kupe kwa ng'ombe, ila kupe hasalimii kwa adabu kama mwenye nyumba wa Mulimani.

Mwaka wa masomo ulifunguliwa zamani, kwa misa na tarumbeta, siku ile Dorcelle, dada mkubwa wa Keren, alipopanda na godoro kichwani kuanza mwaka wake wa mwisho. Mpaka leo haujafungwa. Kwanza walimu waligoma. Halafu upepo ukachukua paa la ukumbi. Halafu jopo la watahini halikutimia, na baada ya hapo watu wakaacha kuuliza sababu. Mkurugenzi, Profesa Edouard, aliteuliwa na baraza la chuo kukaimu hadi mwisho wa mwaka wa masomo, naye ni mtu anayeheshimu maandishi.

Kwa kuwa mwaka haukufungwa, wanafunzi hawakuongeza mwaka. Jambo hili lilionekana la haki. Aliyeandikishwa akiwa na miaka ishirini na mitatu alibaki nayo. Nywele zilikua, wakasuka. Kucha zilikua, wakakata. Umri tu ndio haukusogea. Glodie, anayelala chumba kimoja na Dorcelle, aliandikishwa akiwa na mimba ya miezi saba, na bado anayo. Amezoea kulala ubavu. Mumewe, aliyekuwa kijana mwembamba wa kazi ya reli, sasa ana kitambi na meno ya bandia, na humletea maembe mabichi kila siku ya wageni. Muuguzi wa zahanati humpima na kumwambia mtoto anaendelea vizuri.

Wenye nyumba hawakulalamika, maana mpangaji asiyehama ni baraka. Walimu, kwa kuwa wao hawakuandikishwa, walizeeka kama watu wengine wote. Somo la takwimu lilifundishwa na Profesa Ruben hadi alipofariki, na sasa anafundisha mwanawe, kwa kurasa zilezile.

Tatizo lilikuwa kushuka. Chini ya kilima kuna kizuizi cha mti, na mwanafunzi akikivuka kabla mwaka haujafungwa, miaka yote iliyokuwa ikimngoja chini humpata hapohapo. Mwanafunzi mmoja, Bénit, alishuka kwenda matanga ya baba yake. Alipita kizuizini akikimbia, kijana wa kucheza mpira, na alipofika kwenye pikipiki alimwomba dereva amshike mkono apande. Chuo kilifuta jina lake, kwa maelezo kwamba ameacha masomo kwa hiari. Chileshe, mlinzi wa kizuizi, ameweka benchi upande wa pili, maana wengi huhitaji kukaa kidogo.

Keren alimkuta Dorcelle bombani akifua. Wamefanana tangu utoto: paji la uso la marehemu baba yao, pengo lilelile katikati ya meno ya mbele. Dorcelle ndiye mkubwa, kwa miaka mitatu. Lakini mtoto wa kwanza wa Keren ameshampita mama yake mkubwa kwa umri, na pale bombani wanawake walimpisha Keren wakisema, "Pita, mama ya Dorcelle." Zamani alikuwa akiwasahihisha. Siku hizi hupita tu.

"Jambo, yaya," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa kwao.

"Jambo, mudogo wangu. Iko nini? Sura yako haiko muzuri."

"Tukule kwanza."

Walikula chumbani, Glodie akipewa kichwa cha samaki kwa sababu ya mtoto. Walipomaliza kunawa, Keren alisema.

"Mama iko mugonjwa, yaya. Docteur alisema tumurudishe ku nyumba. Unajua maana yake."

Dorcelle alianza kupanga sahani.

"Anauliza we tu. Kila asubui: Dorcelle atakuya lini? Mimi njo namuosha, mimi njo namulisha, lakini anauliza we." Alisema bila kinyongo, au na kidogo tu.

Mama yao, Mama Régine, alikuwa akipanda mwenyewe miaka ya mwanzo. Halafu akapanda kwa fimbo. Mara ya mwisho aliishia nusu ya kilima, akakaa juu ya jiwe, akawapa wageni wengine beseni wamfikishie, akarudi nyumbani. Tangu hapo alikuwa na binti mmoja wa kumwona na mmoja wa kumsubiri, na kila mama anajua ni yupi hupendwa zaidi.

"Banasema défense yangu itakuwa mwezi wa kenda," alisema Dorcelle.

"Banasema vile kila mwaka."

"Kila mwaka haiko. Iko mwaka moja."

Na hilo lilikuwa kweli.

Tasnifu ya Dorcelle, kuhusu namna ya kuhifadhi mahindi, ilikuwa tayari tangu zamani. Mende walishakula utangulizi mara mbili, naye akauchapisha upya mara mbili. Lilikuwa limebaki jambo moja tu, hiyo défense: kusimama mbele ya watu watatu kwa saa moja na kujibu maswali. Kwa ajili ya saa hiyo baba yake aliuza baiskeli, na mama yake alilima bustani za watu. Alivaa sketi yake nzuri, akaenda kwa mkurugenzi.

Profesa Edouard alimpokea vizuri. Ni mzee sasa, masikio yamemlegea, lakini bado ni kaimu. Mtu angependa kumchukia, ila ana adabu sana, na chuki haipati pa kushika.

"Monsieur le DG, mama yangu anakufa," alisema Dorcelle. "Munifanyishe défense leo. Ao munipe ruhusa nishuke, nirudi."

"Ruhusa nitakupa, ma fille. Hata saa hii. Lakini kizuizi hakijue kusoma ruhusa."

"Na défense?"

"Jury haitimie. Banakosa batu babili."

Kwenye kibaraza nje ya dirisha, wajumbe wawili wa jopo walikuwa wakicheza dama. Mmoja alimpungia Dorcelle mkono; alikuwa mtu wa parokia moja naye.

"Bale pale," alisema Dorcelle.

Profesa aligeuka, akawatazama kwa masikitiko ya kweli. "Leo ni siku ya wageni," alisema. "Hatuwezi kufanya kazi siku ya wageni. Mwaka tutaufunga, ma fille. Haraka haraka haina baraka." Akamwombea mama yake kwa sauti, sala ndefu na nzuri, akamsindikiza hadi mlangoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Profesa alikuwa ameshiba mwaka mmoja kwa muda mrefu sana.

Dorcelle alirudi chumbani, akampa Glodie godoro lake ili aongeze la kulalia. Tasnifu aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaisimamisha juu ya kabati, mbali na mende. Aliogopa. Uzee wenyewe aliuogopa kidogo. Alichokiogopa zaidi ni kushuka mikono mitupu, baada ya kupanda na godoro kichwani watu wote wakipiga vigelegele.

"Twende," alimwambia Keren.

Chileshe alikuwa kizuizini, akimenya muwa. Aliwaona wanakuja pamoja, akaelewa, akaweka kisu chini.

"Legeza sketi, ma sœur," alimwambia Dorcelle. "Mwili utaongezeka. Na viatu, toa. Juzi kiatu moja ilimubana mutu mupaka tuliikata na kisu."

Keren alifungua kitenge chake, kile chenye ndege wa kijani alichovaa kila Jumapili, akamfunga dada yake. Yeye akabaki na gauni. Chileshe akainua mti.

Magoti ndiyo yaliyoanza. Halafu kiuno kikajaa, macho yakaona mbali vizuri na karibu vibaya, jino moja la nyuma likatoka, Dorcelle akalitemea kiganjani. Mvi ziliingia kutoka pembeni, bila fujo, kama maji yanavyoingia shambani. Keren alimshika kiwiko akamkalisha kwenye benchi. Kazi yote haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai.

Walipotazamana, Dorcelle alikuwa mkubwa tena, kwa miaka mitatu. Keren alilia. Alikuwa amemkosa yaya wake kwa muda mrefu, sasa amempata, na hakujua kama hilo ni jambo la kushukuru. Juu, ofisini, jina la Dorcelle lilikuwa limeshafutwa kabla hawajapata pikipiki.

Nyumbani Kamalondo, mjini Lubumbashi, Keren alibaki uani na majirani, wenye maswali yao. Dorcelle aliingia peke yake. Mama Régine alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na dirisha, chini ya picha ya msichana mwenye godoro kichwani. Macho yake yalikuwa mazima. Dorcelle alipiga magoti, akamshika mkono.

"Mama."

Mama Régine alimtazama bila haraka. Aliziona mvi, mikunjo ya macho, kitenge cha ndege wa kijani. Akatabasamu.

"Keren, umerudi."

"Ni mimi, mama. Dorcelle."

"Hapana kunicheka, mutoto wangu. Dorcelle iko kijana." Alimpapasa kiganja, akaona ni baridi, akakifunika kwa chake. "Yaya yako iko muzuri?"

Dorcelle alitazama picha ukutani, halafu akamtazama mama yake, aliyekuwa amechoka na bado anangoja jibu.

"Iko muzuri."

"Anakula?"

"Anakula, mama. Leo alikula samaki."

"Na balifunga mwaka?"

"Bado, mama," alisema Dorcelle. "Bado."