Wavu Haushuki Leo

Shangazi alikuwa bingwa wa kupamba biashara. Mnunuzi alipofika kuangalia samaki wazazi wa kuzalishia vifaranga, alimwaga ndoo nzima ya chakula bwawani, na wale sato, walioshinda na njaa tangu jana, wakakirukia mpaka wakamlowesha mgeni suruali.

"Unaona afya hiyo?" akasema Shangazi. "Haya, shusheni wavu."

Aliyeshika kamba ya wavu ni mpwa wake, waliyembandika jina la Sindano kwa sababu bomba la sindano halikumtoka mfukoni. Alisomea samaki, akarudi kumwendeshea Shangazi mabwawa. Hakushusha kitu.

Mwezi mzima Shangazi aliwalisha samaki chakula kilicholowa stoo kikaota ukungu. Alikianika juani, akasema ukungu haujawahi kuua samaki. Ni kweli, haukuwaua. Ulikuwa unawamaliza damu polepole. Sindano alimtoa mmoja damu mkiani, ikaja nyepesi kama maji yaliyooshewa nyama. Chakula kizuri alishakileta, ila damu hairudi kwa siku mbili. Samaki wa hivyo, tena kashiba, ukimburuta kwa wavu na kumbana kwenye pipa, hafiki. Shangazi alilijua hilo fika, maana Sindano alimweleza asubuhi, na haraka yake yote ilitoka hapo. Alitaka wakafie kwa mwenzake.

"Shangazi, wavu haushuki leo."

"Kwani mabwawa ya nani haya?"

"Yako. Lakini haushuki."

Mnunuzi, mzee aliyekuwa ndiyo kwanza amechimba bwawa lake, akacheka akidhani ni utani wa nyumbani. Sindano akaingia majini na nguo zake, akadaka sato mmoja aliyekuwa akihema juujuu, akamfunua shavu. Matamvua ya kupumulia, yanayotakiwa kuwa mekundu, yalikuwa yamepauka.

"Baba, hawa wanaumwa. Ukiwapakia leo utafika na mizoga. Wakipona nitakuita mwenyewe."

Mzee akatazama, akamgeukia Shangazi, kisha akalirudisha pipa lake garini.

Shangazi alingoja gari liondoke. "Umenivua nguo mbele ya mgeni. Mimi niliyekulea. Fungasha vyako utoke kwangu."

Neno hilo lilimuuma Sindano, maana hakuwa na mama mwingine. Hata hivyo aliendelea kumwegemeza yule samaki majini, viganja vyote viwili chini ya tumbo, mpaka akapata nguvu ya kuogelea.

"Nitatoka, Shangazi," akasema, maji yakiwa yamemfika kiunoni. "Wakishapona. Siku hiyo unifukuze, sitabisha. Sasa nipe ufunguo wa stoo, nikakichome kile chakula cha ukungu."

Shangazi akaushika ufunguo uliokuwa shingoni mwake, asiutoe. Sindano akanyoosha mkono, wala hakuushusha.