Rojo Lililokataa Kumwagika

Mama Redio, jirani wa mlango wa pili anayepeleka chai maabara, anaapa kwamba aliwakuta madada wawili wamepiga magoti mbele ya chupa ya masizi iliyopinduliwa, vichwa chini na, ashakum si matusi, makalio juu. "Wanaabudu chupa," alitangaza mtaa mzima. "Nimesalimia, hakuna aliyeitika."

Kwa magoti hakukosea. Chupani mlikuwa na rojo la vipande vidogo vya protini, ambavyo ukivitia majini hujipanga vyenyewe vikawa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Dada mkubwa alitaka siku moja rojo hilo lifunike vidonda. Lakini likipata joto la mwili, linalegea na kuwa maji. Mkuu wa maabara alishasema: likimwagika tena, meza ya utafiti anapewa mwingine. Na dada akikosa meza atafuata kazi mbali, amwache mdogo wake, mwosha vyombo wa maabara hiyohiyo, na nyumba tupu.

Safari hii dada alitia unga wa kaboni, mweusi kama masizi. Awali aliunyunyiza rojo likishaganda, ukabaki juujuu kama vumbi kwenye maziwa. Sasa aliuchanganya tangu mwanzo, nyuzi zipate pa kujishikiza zikiwa bado zinajipanga. Kilichobaki kumponza ni mkono wake usiotulia. Kila mara huitikisa chupa, akazikata nyuzi kabla hazijakomaa.

"Niiguse kidogo tu."

"Dada, chungu hakichemki kikifunuliwa kila saa."

"Umekuwa mama mkwe wangu?"

"Kwa leo, ndiyo. Kalia mikono."

Akaikalia kweli. Rojo lilipotulia, waliipindua chupa ndani ya bakuli la kioo lenye maji ya joto la mwili, juu ya meza fupi, wakapiga magoti kuichungulia kwa chini. Ndipo chai ilipofika.

Mkuu alipoingia, rojo lilikuwa limeng'ang'ania juu kama kupe. Alifuta miwani, akaivaa tena.

"Hili ndilo la juzi?"

"Ndugu yake, mwenye kaboni."

"Basi meza bado ni yako."

Mdogo mtu alirudi kwenye beseni lake la vyombo.

"Mzee," dada akasema, "naomba huyu mdogo wangu akae nami mezani. Mimi peke yangu nitaitikisa tu."

Mkuu alikuwa ameshavuta kigoda, kidevu juu ya meza, macho yote kwenye rojo, masikio hayapo. Mdogo mtu akajifuta mikono kwenye aproni, akangoja jibu.