Shambani Hakuna Mtu

Jumamosi ile Melania alikuwa na jambo moja tu la kufanya: kufika Orlando, Soweto, kabla wazee wa ukoo wa marehemu mume wake hawajamaliza chai.

Mume wake, Zolile, alikuwa mmoja wa wakimbizi wa siasa waliorudi Afrika Kusini kutoka Mazimbu, Morogoro. Melania alimfuata Johannesburg mwaka 1994, binti yao Happyness akiwa mgongoni. Sasa ilikuwa Oktoba 2001, Zolile yuko kaburini mwaka mzima, na siku ya mjane kuvua nguo nyeusi imefika. Siku hiyo wazee hukaa sebuleni na kuuliza nani atamlea mtoto. Mjane hujibu kwa mdomo wake. Asipokuwepo, amekubali watakavyoamua.

“Kaka yetu amekuja na kombi kutoka kwetu Mthatha,” Nomsa, wifi yake aliyekaa na Happyness huko Orlando, alikuwa amemwambia kwa Kizulu kwenye simu asubuhi. “Anataka kuondoka na mtoto leo leo. Mimi siwezi kukusemea, makoti, wewe ndiye mke wa ukoo. Njoo.”

“Happyness anasemaje?”

“Anasema mama yake atakuja. Amekaa kwenye ngazi, hataki hata kula.”

Melania alikuwa kazini Bertrams, mtaa wa Johannesburg, akimtunza Bibi Pryce, kikongwe wa kizungu, nyumbani kwake. Bibi alikuwa na miaka tisini na moja. Alizaliwa Kenya, kwenye shamba la kahawa karibu na Thika, na kadiri akili ilivyomtoka, Kiingereza kilimtoka pia mdomoni, kikabaki Kiswahili cha utotoni. Kilikuwa Kiswahili cha amri, kilichovunjwa makusudi na watu waliokaa nchini miaka hamsini bila kuona haja ya kujifunza lugha ya wenyeji. Melania kilimuuma masikioni kila siku. Alikataa kumwita memsabu. Alimwita bibi, kama angemwita mzee yeyote.

Hadithi ya bibi ilikuwa moja, na Melania aliijua yote. Vita vya Waingereza na Wajerumani vilipoanza, baba yake bibi alishangilia. Alitoa maksai wake, akatoa na mikokoteni, kwa ajili ya mfalme. Serikali ikachukua, ikaahidi kurudisha, isirudishe. Kisha ikarudi tena kuhesabu vijana wa shambani, ili wakabebe mizigo ya jeshi huko kusini ambako watu walikufa kwa kuhara na njaa. Hapo ndipo mzee alipogeuka. Masetla walikutana klabuni wakamtukana gavana, Mwingereza mwenzao, kwamba anawafilisi kwa vita vya wakubwa wa London. Si kwamba waliwahurumia vijana. Kahawa ilikuwa imeiva na hakuna wa kuichuma.

Kwa hiyo kila askari walipoonekana njiani, vijana walifungiwa stoo, na kazi ya kusema uongo, kwamba shambani hapana mtu, akapewa bibi, wakati huo binti wa miaka saba. Askari mweusi angethubutuje kumbishia mtoto wa kizungu?

Melania alikuwa amevaa tayari. Bibi amekula, amekunywa dawa, amelazwa. Jirani angekuja kumwangalia jioni. Ndipo mtu akagonga geti.

Alikuwa kijana wa sensa, na fulana yake ya njano na mkoba.

“Ni watu wangapi wanalala humu?” aliuliza kwa Kiingereza.

“Wawili.”

“Wanaume?”

“Hakuna mwanaume. Fanya haraka kaka, nachelewa.”

Aliporudi ndani bibi alikuwa amesimama ukumbini, peku, macho makali.

“Yule nataka nini?”

“Wa serikali, bibi. Wanahesabu watu. Ameshaondoka.”

Laiti angesema ni muuza mboga. Aliingia stoo kuchukua keki aliyowaokea wazee, akasikia mlango ukifungwa nyuma yake na komeo likisukumwa. Ilikuwa nyumba ya zamani, mlango wa mbao nene, na dirisha la stoo lilikuwa na nondo kama madirisha yote ya Johannesburg.

“Bibi! Fungua!”

“Wewe nyamaza. Askari kuja. Nakamata wewe, napeleka Kariakoo, wewe nakufa.”

Kariakoo aliyoijua Melania ilikuwa soko la Dar es Salaam; ya bibi ilikuwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vile.

“Vita vimekwisha, bibi. Zamani sana.”

“Nani nasema?”

“Serikali imetangaza.”

“Serikali!” Bibi alicheka kicheko kikavu, kama anayemwiga baba yake. “Serikali nasema maksai narudi. Wapi maksai?”

Melania alifikiri, akasema alichoapa kutosema. “Memsabu, tafadhali. Bwana amenituma mjini. Amesema nitoke.”

“Baba hapana tuma boi kwangu. Baba nakuja yeye mwenyewe.”

Melania alipanda juu ya gunia la viazi akapiga kelele dirishani. Kwa bahati alipita Juvénal, Mrundi aliyeuza soksi karibu na uwanja wa Ellis Park.

“Juvénal! Nimefungiwa! Ruka geti unifungulie!”

Juvénal alitazama geti, akatazama kibao cha kampuni ya ulinzi chenye picha ya bunduki. “Dada Melania, mimi ni mkimbizi. Wakinikuta ndani ya nyumba ya mzungu watanipiga risasi kwanza, jina langu wataliuliza baadaye.”

“Mtoto wangu anachukuliwa leo!”

“Eish, dada. Ngoja nitafute Msauzi wa kunisindikiza.” Akaondoka mbio, soksi zikimdondoka.

“Nimeona moja,” bibi alinong’ona kwenye tundu la ufunguo. “Nakimbia. Wengine nakuja.”

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa mezani jikoni, ndani ya mkoba wa Melania. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Melania alisikia zipu ya mkoba, kisha mlio wa kitufe. Jirani alikuwa amemfundisha bibi kupokea simu, kwa dharura.

“Nani?”

Melania alijua ni Orlando wanaopiga, akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili. “Happyness! Mama yuko hapa! Nimefungiwa!”

“Kelele? Hiyo mbuzi,” bibi alisema kwa utulivu, huku akienda nayo ukumbini. Sauti yake ikawa nyembamba, ya mtoto aliyezoea kuaminiwa. “Mama? Hapana mama hapa. Shambani hapana mtu. Yeye kimbia. Chukua nguo yake yote, kimbia. Hapana rudi.”

Melania alipiga hadi ngozi ya mikono ikachubuka. Akamsikia bibi akirudi taratibu, akiburuta miguu.

“Ilikuwa toto,” bibi alisema, akishangaa. “Serikali sasa natuma toto. Lakini nasadiki.”

Melania alikaa chini sakafuni. Happyness alikuwa haongei Kiswahili. Ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu au Kiingereza, na wamegombana sana juu ya hilo. Lakini kukisikia alikisikia chote.

Komeo lilifunguliwa alasiri. Bibi alitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

“Imekwenda. Sasa wewe kwenda chuma kahawa.”

Melania alimpita, akaichukua simu ukumbini, akapiga. Nomsa alipokea mara moja, sauti nzito ya kulia.

“Ulikuwa wapi?”

“Nilifungiwa, wifi. Yule bibi alinifungia stoo. Ndiye aliyesema na mtoto, na hajui anachosema! Warudishe!”

“Wazee walimpa mtoto simu kwa sababu mimi sikuelewa lugha ile. Yeye ndiye aliyewatafsiria. Alisimama katikati ya sebule, akasema: mama amechukua nguo zake akakimbia, harudi. Hakulia. Kaka akasema basi, jibu tumelipata.”

“Mpigie kaka.”

“Kaka hana simu, makoti, unajua. Na sasa wameshatoka jijini, wameshapita Vereeniging. Nitawaambia wazee. Lakini wao watasema ungefika.”

Juvénal alikuwa getini na Msauzi wake, wanapiga nondo kwa jiwe. Melania hakuwafungulia.

“Hakusema kitu kingine?” aliuliza. “Happyness?”

“Aliuliza kama kule Mthatha kuna mtu anayejua Kiswahili. Wakamwambia hakuna.” Nomsa akashusha pumzi. “Akasema: afadhali hivyo.”